Vuli ya Section 58

Nimeandika makala kumi na tisa kuhusu vuli na sijawahi kuiona. Nasema ile vuli ya Marekani, ya majani mekundu na sweta. Nimewaeleza watu wa Ohio na Vermont wapambe vipi veranda zao, ngazi ya kwanza iwekwe nini na ya pili nini, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba aliyemwambia aweke malenge matatu kushoto na mawili kulia alikuwa amekaa kitandani Nakuru, shuka la Kimasai miguuni, bando ikiwa imebakisha saa moja. Makala hayo hayana jina langu. Hata akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa ya kijana fulani wa Nairobi aliyepokea kazi na kutugawia, na akishakata chake mimi nabaki na senti hamsini kwa neno. Maneno elfu moja na mia tano, shilingi mia saba na hamsini. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, baba alipofariki na ada ikakataa kulipika, na hapo sina hadithi ndefu. Kuandika nilijifunzia kwenye malenge.

Kazi za vuli zilianza kuingia mwezi wa sita, kwa sababu wenye tovuti wanataka makala yawe yamekomaa mtandaoni kabla ya Septemba. Kwa hivyo wakati Nakuru kuna ile baridi ya Julai na watu wanavaa soksi mbili mbili, mimi tayari niko Oktoba. Nilikuwa najua kalenda yao kuliko yetu: mapambo yanatoka baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mafuvu na buibui wa plastiki wanaingia kwa ajili ya Halloween tarehe 31 Oktoba, wanaondolewa, malenge yanabaki hadi Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba. Baada ya hapo ni taa za Krismasi na hakuna mtu anataka kusikia habari ya malenge tena. Nilijua kwamba Illinois ndiko yanakotoka malenge mengi. Nilijua ua wao wa msimu ni krisanthemu. Nilijua vitu hupangwa kwa idadi witiri, tatu, tano, saba, na virefu hukaa nyuma. Ukiniuliza mlangoni kwetu kulikuwa na nini, ningekwambia: ndoo.

Neno lenyewe lina ujanja wake. Kwa watu wa Pwani vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Wafasiri walipotafuta jina la msimu wa majani kuanguka wakalibeba hilo hilo, kwa sababu miezi inalingana. Sasa tuna neno moja linalomaanisha mambo mawili yaliyo kinyume kabisa: kule vitu vinakufa, huku vinachipuka. Na si kwamba miti yetu ni mivivu. Jani la kule linabadilika rangi kwa sababu siku zinafupika, mti unaacha kutengeneza ile kijani yake, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake inaonekana. Nakuru iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu na kutua saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Mti wa hapa haujawahi kuambiwa kuna haja ya kubadilika.

Kinachoanguka hapa ni maua. Kuanzia Septemba mijakaranda inafanya barabara kuwa ya zambarau, na mvua ya kwanza ikipiga, ile zambarau inageuka ugoro wa kahawia unaoteleza kama ganda la ndizi. Waendesha boda wanaichukia. Na mjakaranda wenyewe ni mgeni, ulitoka Amerika Kusini. Mahindi nayo yalitoka Amerika. Malenge pia. Hili lilinijia siku moja katikati ya makala, nikaacha kuandika nikacheka: mabua ya mahindi yaliyofungwa kwenye nguzo za veranda, malenge kwenye ngazi, kikapu cha magunzi mlangoni, yote hayo yalikuwa nyumbani kwa shosho karibu na Elburgon, yamejaa. Ila kwa shosho hakuna aliyeyaita mapambo. Yalikuwa chakula cha watu na chakula cha ng'ombe.

Haya yote yangebaki ya kuchekesha tu kama dada yangu hangechumbiwa.

Wakwe walikuwa wamekuja mara ya kwanza Agosti 2023, ile siku ndogo ya kuhanda ithigi. Kuhanda ithigi ni kupanda tawi. Siku hizi tawi lenyewe si rahisi ulione, watu wanaleta mbuzi au pesa ya mbuzi, lakini jina limebaki: kwamba mtu amesimamisha kitu mbele ya nyumba yenu, na wengine wakipita wajue msichana ameshasemewa. Ruracio yenyewe ikapangwa Jumamosi, 18 Novemba. Wageni arobaini. Na hapo ndipo baba mdogo alipoingia.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba na ndiye angekuwa msemaji wetu. Ana nyumba Naivasha, yenye kabro na nyasi iliyokatwa. Alikuja mwisho wa Oktoba, akasimama getini kwetu bila kuketi, akatazama.

Wacha niseme alichoona. Section 58 ina sehemu zenye nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa, na wenye viwanja wamegawa nyumba moja ikawa tatu. Sisi tuko ya mbele. Veranda ya simiti yenye ngazi mbili, moja imemeguka. Ua wa kayaba upande mmoja, mabati upande mwingine. Tangi. Kamba ya nguo. Geti la kijani lililoliwa na kutu kuanzia chini. Na katikati ya uwanja, juu ya mawe manne, Peugeot 504 pikapu ya landilodi, bila magurudumu, bila injini, na nyasi zimeota kwenye sehemu ya mizigo. Gari hilo tulilikuta tulipohamia. Mzee halitaki liguswe, maana ndilo lilimsomeshea watoto, alibebea kabeji kutoka Bahati miaka na miaka.

"Watu watashuka kwenye Prado," baba mdogo akasema, "waone hii?"

Mamangu hakusema kitu.

"Tuifanyie kwangu. Si vibaya. Ni nyumba ya familia."

Ilikuwa inasikika kama msaada, na labda ilikuwa hivyo. Lakini kila mtu pale alijua maana yake. Ruracio ikifanyiwa kwake, yeye ndiye mwenye nyumba. Mazungumzo yatafanyikia sebuleni kwake, chai itamwagwa na mkewe, na mamangu, ambaye ameuza mitumba miaka kumi na minne ili dada amalize kozi ya uuguzi, atakuwa mgeni kwenye mahari ya binti yake. Wajane wa kwetu wanazijua hizi hesabu. Hazisemwi.

"Binti yangu ataombwa mlangoni kwangu," mama akasema mwishowe. Pole pole tu.

Baba mdogo akamwangalia, akaangalia gari. Akasema atarudi Alhamisi ya tarehe 16, na kama mahali patakuwa hivi, wageni wataelekezwa Naivasha. Kabla hajaondoka akauliza kama huyu mdogo bado anaandika andika kwa kompyuta. Mama akasema ndiyo. Akasema, "Sawa."

Tulipiga simu kwa watu wa mapambo. Wa kwanza akasema elfu sitini na nane, hema na viti kando. Wa pili akauliza kama uwanja una gari, tukamtumia picha, hakujibu. Mimi nilikuwa na elfu tisa na mia nne, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa malipo ya makala ya kumi na tisa, ambayo nilishaambiwa ndiyo ya mwisho. Tangu mwisho wa 2022, mashine za kuandika zilipofunguliwa kwa umma, kazi zilikuwa zinapungua mwezi baada ya mwezi. Mwenye akaunti aliniandikia ujumbe wa mistari miwili. Mteja amepata njia nyingine, asante kwa kazi nzuri.

Nikamwambia mama, "Maitu, nipe uwanja."

Akasema, "Uchukue."

Kwanza nilimpigia landilodi. Sikumwomba aondoe gari, nilijua jibu. Nilimuuliza kama ninaweza kulipamba. Akanyamaza muda mrefu hadi nikafikiri simu imekatika. Kisha akauliza, "Kulipamba na nini?" Nikamwambia malenge. Akacheka, akasema lilibeba mazito kuliko hayo.

Halafu nikaenda Elburgon. Njia inapita Njoro, na ilikuwa ni wakati wa kuvuna, lakini mwaka huo kuvuna kulikuwa vita. El Niño ilikuwa imefika. Kaskazini na Pwani mafuriko yalikuwa yanabomoa barabara na kuua watu. Kwetu huku juu haikuwa hivyo, ila mvua ilinyesha karibu kila alasiri na wakulima walikuwa wanakimbizana na mahindi yasioze shambani. Shosho alikuwa amewahi. Mabua yake yalikuwa makavu, yamesimamishwa chini ya paa la kibanda cha ng'ombe, manjano safi yenye milia ya hudhurungi. Nimeelezea mabua mara nyingi sana kwa Kiingereza lakini sikuwa nimewahi kuyatazama hivyo, kama mtu anayenunua kitambaa.

Shosho hakuelewa. Nilieleza mara tatu. Akauliza, "Kwa hivyo yanasimama tu?"

"Yanasimama tu, shosho."

"Na wageni wanayaangalia."

"Ndiyo."

"Na hao wageni hawana mabua kwao?"

Swali zuri, na kwenye makala yote kumi na tisa sikuwa nimeulizwa. Mwishowe akakubali kwa masharti. Hatoi, anakopesha. Mabua themanini, yahesabiwe yakienda na yahesabiwe yakirudi, kwa sababu Januari na Februari nyasi zikikauka ng'ombe hatakula picha. Malenge akatoa tisa bila kukopesha, ya kijani yenye madoa meupe na mawili ya rangi ya kutu. Akanionyesha nisilishike kamwe kwa kikonyo: kikonyo kikikatika, maji yanaingia na malenge yanaoza kwa wiki, kikibaki yanakaa miezi. Hiyo nilikuwa nimeiandika pia, lakini nilikuwa nimeinakili mahali.

Kisha, nikiwa naondoka, nikaona maua kando ya choo. Meupe, kitovu cha manjano, shina jembamba. Pareto. Shosho aliwahi kuwa na ekari nzima. Watu wengi wa Elburgon, Molo na Mau Narok walikuwa nayo, na kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa pareto. Dawa za kuua mbu na wadudu zilitengenezwa kwayo, na karo za vizazi viwili zilitoka humo. Halafu malipo yakaanza kuchelewa, yakachelewa miaka, watu wakang'oa wakapanda viazi. Shosho aliacha mstari mmoja kando ya choo, anakausha maua na kuweka chini ya godoro, viroboto hawasogei. Sasa, pareto ni jamaa wa krisanthemu. Zamani wataalamu waliiweka kabisa kwenye ukoo huo, jina lake la kisayansi lilikuwa Chrysanthemum. Mbegu zililetwa huku miaka ya 1920, na asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. Kwa hivyo ule ua wa msimu niliokuwa nawauzia Wamarekani, ndugu yake alikuwa anatufukuzia viroboto. Nikaomba ndoo mbili.

Mzigo ulishuka na lori la mbao. Elburgon ni mji wa mbao tangu zamani, na dereva alinichukua kwa elfu moja na mia tano pamoja na magunia sita ya maranda ambayo fundi alikuwa anataka tu yaondoke. Nitarudi kwa hayo maranda.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Siwezi kukueleza yote na mengine hayana maana, kupiga geti msasa ni kupiga geti msasa. Nililipaka rangi ya kutu, ile nyekundu ya kuzuia kutu ambayo watu huiona ni ya kwanza tu kabla ya rangi yenyewe. Mimi niliishia hapo. Ilikuwa bei rahisi na inafanana na malenge. Kanuni niliyoikopa kwenye makala yangu ni rangi tatu, basi: kutu, manjano ya mabua, nyeupe. Kila kitu ambacho hakikuwa kati ya hizo tatu nilikiondoa au nikakifunika. Ndoo ya buluu ilienda nyuma. Tangi jeusi lilizungushiwa gunia. Ukifanya hivyo tu, bila kununua kitu kingine, uwanja unaanza kuonekana kama kuna mtu aliyeufikiria.

Mabua nilifunga mafungu, kumi na mawili kila fungu, kwa kamba ya katani. Makosa ya video nyingi ni kufunga mahali pamoja katikati, fungu linakuwa kama mtu aliyebanwa mshipi. Funga chini na juu, katikati acha pumue. Nilisimamisha mawili kila upande wa geti na moja kwenye kila nguzo ya veranda. Hayo ni sabini na mawili, manane yakabaki ya akiba. Mawe ya kando ya njia tuliokota na watoto wa jirani, tukayapaka chokaa iliyochanganywa na chumvi ili ishike. Jumanne mvua ikalamba chokaa yote ikiwa bado mbichi. Jumatano asubuhi tukapaka tena na kuyafunika kwa mabati. Fundi wa pancha alinipa matairi manne yaliyokufa, nikayakata kingo na kuyapindua yawe kama bakuli, humo nikaweka pareto na udongo wake.

Malenge matano zaidi nilinunua Wakulima, mia na hamsini kila moja, nikiyachagua kwa kikonyo hadi mama muuzaji akauliza kama ninayapeleka kanisani. Kumi na manne sasa. Mama alinipa sharti moja: hakuna kuchonga. Kuchonga chakula macho na mdomo, kukitia mshumaa na kukitupa, hilo nyumbani kwake halifanyiki. Sikuwa na nia hiyo. Saba yalienda kwenye ngazi, yakifunika ile iliyomeguka. Saba yalienda kwenye Peugeot.

Hapo ndipo nilipojivunia. Sikulificha gari. Nililiosha, mara ya kwanza baada ya sijui miaka mingapi, na chini ya vumbi ikatoka rangi nyeupe, ya maziwa, ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuiona. Nyeupe! Ilikuwa moja ya rangi zangu tatu muda wote. Nyasi za kwenye sehemu ya mizigo nikaziacha. Humo nikapanga malenge, nyungo mbili za shosho, kiondo cha magunzi, vibuyu viwili vya uji alivyoleta tata, na taa ya chemni juu ya paa. Ilionekana kama gari limetoka shamba sasa hivi na dereva ameingia ndani kunywa chai.

Alhamisi baba mdogo alifika saa kumi. Akasimama getini, pale pale. Mimi nilikuwa nafagia na sikuacha kufagia. Aliingia, akazunguka gari, akagonga malenge moja kwa kidole kama anayesikiliza limeiva. Akatoa simu, akapiga picha moja, akaitazama, akapiga ya pili.

"Hili ni la nani?"

"La landilodi," nikasema.

"Baba yenu alikuwa anataka kununua kama hili," akasema. "Miaka ya tisini. Tulienda kuliangalia pamoja, Njoro."

Hilo sikulijua. Mama alikuwa ametoka kwenye veranda na sikumwona akishtuka, kwa hivyo nadhani yeye alijua. Baba mdogo akaomba maji ya kunywa. Akaketi. Habari ya Naivasha haikutajwa, siku hiyo wala baadaye, na walipoanza kuongea kuhusu mbuzi ni ngapi nikaingia ndani.

Jumamosi ilinyesha kuanzia saa nne.

Kama umewahi kwenda ruracio unajua kwamba wageni hawaingii tu. Wanasimama nje ya geti, wanaimba, wanawake wa ndani wanawajibu kwa wimbo, wanaulizwa wanataka nini, wanalipishwa, wanaimba tena. Inaweza kuwa nusu saa. Kwa hivyo geti linatazamwa kuliko keki. Walisimama pale arobaini, miavuli juu, na kitu cha pekee cha kutazama kilikuwa geti jekundu na mabua yanayotiririka maji. Nakuru, kwa Kimaasai, inasemekana ni mahali pa vumbi. Vumbi hilo likilowa ni tope la kijivu linalonyonya kiatu. Lakini tulikuwa tumemwaga maranda yote sita, kuanzia lami hadi kwenye ngazi, unene wa vidole vitatu. Akina mama waliingia na viatu vya visigino virefu bila kuzama. Harufu ya maranda yaliyolowa ni nzuri kupita mishumaa yote ya mdalasini niliyowahi kuiandikia sifa.

Mama yake bwana harusi alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, na dada alikuwa amemwogopa tangu Agosti. Alipofika kwenye tairi la kwanza alisimama. Watu wa nyuma wakamgonga. Aliinama, akachuma ua moja, akalisugua katikati ya vidole na kulinusa.

"Ni nani alikumbuka pareto?" akauliza.

Hakuna aliyejibu mara moja, hatukujua kama ni lawama.

"Mimi ni wa Kinangop," akasema. "Tulichuma hii kabla ya kwenda shule. Kila asubuhi. Mikono inawasha darasani."

Mama akasema, "Ni huyu wangu mdogo." Akanionyesha kwa kidevu tu, kama anavyoonyesha sweta nzuri kwenye rundo bila kutaka mteja ajue ni nzuri. Yule mama akanishika mkono na mkono wake wenye ua, akaendelea kuingia. Ndani, nilisikia baadaye, aliketi karibu na mamangu badala ya mahali alipopangiwa, na shosho upande wa pili, wakaongea bei za pareto za 1980 hadi wasemaji wakaomba wapunguze sauti.

Dada alifunikwa leso pamoja na wasichana sita, na shemeji akamchagua mara ya kwanza, kwa viatu nadhani. Mazungumzo yaliisha saa kumi na moja. Siwezi kusema waliafikiana nini, si yangu kusema, ila mama alitoka sebuleni akiwa amevua viatu na akaomba chai yenye sukari nyingi.

Mbuzi walioletwa kwa miguu walikuwa wanne tu, wengine walikuwa kwenye bahasha. Tuliwafunga kwenye ua wa kayaba. Saa tunawasindikiza wageni hakuna aliyekumbuka kuangalia kamba. Tuliporudi, fungu zima la upande wa kushoto wa geti lilikuwa limeliwa hadi kwenye mshipi wa chini, na la pili limeanza. Mbuzi wanne wamesimama kwenye maranda wakitafuna mapambo yangu bila haraka. Tata alilala kwenye kiti kwa kicheko. Mtu akasema tumewaandalia wakwe hadi chakula cha mifugo yao, hiyo sasa ni heshima.

Nilimwendea shosho kumwambia mabua ishirini na mbili hayatarudi. Alikuwa ndani ya Peugeot. Alikuwa ameomba afunguliwe mlango na ameketi upande wa abiria, mkoba magotini, mvua ikigonga juu.

"Walikula yangapi?"

"Ishirini na mbili."

Akafikiria. "Basi deni hilo ni la wakwe. Mwambie msemaji aliandike."

Baba mdogo aliliandika kweli, nimeona karatasi.

Hamsini na nane yalirudi Elburgon Jumatatu na lori lile lile. Jirani wa nyumba ya tatu ameniuliza ningemfanyia binti yake Januari kwa ngapi, nami nikamwambia Januari hakuna mabua, hakuna pareto, jua linachoma kila kitu, kwa hivyo lazima nifikirie upya, na kufikiria ni elfu kumi na tano kabla ya kununua kitu. Akasema elfu nane. Bado tunaongea. Landilodi alikuja kuona gari lake, akaliona jeupe, akazunguka mara mbili, akaketi kwenye usukani dakika kadhaa. Kodi ya Desemba aliichukua kama kawaida.

Malenge tulikula. Kumi na manne si mchezo: mukimo, supu, chapati za malenge, moja kwa kila jirani, moja kwa fundi wa pancha. La mwisho, kubwa la rangi ya kutu, lilikaa kwenye ngazi hadi wiki ya Krismasi bila doa, kikonyo kizima. Shosho alipiga simu siku tuliyolikata. Alitaka kujua kama lilikuwa la unga au la maji. Nikamwambia la unga. Akasema basi mbegu zake zisikaangwe, zioshwe, zikaushwe kwenye gazeti kivulini, na nimletee mwenyewe kabla ya mvua za Machi, nisimtumie mtu.